Kifaru Amelala, Kifaru Kimeharibika: Mpaka wa Mtu na Mtambo katika Sanaa ya Afrika Mashariki

Neno kifaru lina maana mbili katika Kiswahili: ni mnyama wa porini mwenye pembe puani, na ni gari la vita lililovikwa chuma. Umbo ni moja na kiambishi ni kimoja. Kinachozitenga maana hizo ni upatanisho wa kisarufi peke yake, kwani kifaru cha porini "amelala" na kifaru cha vita "kimeharibika". Wanasarufi hueleza kwamba viumbe wenye uhai huingizwa katika ngeli ya A-WA hata kama umbo la jina ni la ngeli nyingine. Maelezo hayo yanatosha darasani, lakini hayaimalizi lugha yenyewe. Mwanasesere hana pumzi, naye huambiwa "amevaa" nguo nzuri. Maiti imekwisha kuachana na roho, na bado wako wazungumzaji wasemao "maiti huyu". Kwa upande wa pili, mtu aliye hai na mwenye akili timamu aweza kuteremshwa kwa dharau: kijitu kile kimekuja tena. Yaonekana basi kwamba sarufi haipimi pumzi tu. Hupima pia ni nani aliyekubaliwa kuhesabiwa miongoni mwa watu.

Jambo hili lina uzito katika kuhakiki kazi za wasanii wa Afrika Mashariki ambao, tangu mwanzo wa karne hii, wamekuwa wakiuchunguza mpaka ulioko baina ya mtu na mtambo. Aghalabu kazi hizo husomwa kwa miwani iliyosuguliwa kwingine. Insha ya Donna Haraway ya mwaka 1985, inayohusu kiumbe aliyechanganya mwili na chuma, imefanywa kama msahafu, hata kila picha yenye kiungo cha binadamu kilichounganishwa na kiungo cha pikipiki husemwa kuwa inasherehekea kuvunjwa kwa mipaka. Haraway alikuwa na sababu zake za kutaka mipaka hiyo ilegee, na si sababu dhaifu. Lakini katika nchi hizi mpaka huo ulikwisha kuvunjwa zamani, na waliovunjiwa hawakupiga vigelegele.

Neno roboti lenyewe ni shahidi. Lilienea duniani kutokana na R.U.R., tamthilia ya Mcheki Karel Čapek iliyochapishwa mwaka 1920, nalo limetokana na neno la Kicheki robota, yaani kazi ya kulazimishwa. Kwa Kiswahili cha zamani, shokoa. Tena roboti wa Čapek si wa chuma. Wametengenezwa kwa kitu kilicho mfano wa nyama, wana sura za watu, na tofauti yao na watu ni kwamba wameumbwa kwa ajili ya kazi basi. Kwa asili yake, kwa hiyo, neno hili halikuhusu chombo kilichopanda ngazi hadi kufanana na mtu. Lilihusu mtumishi ambaye hakuhesabiwa kuwa mtu.

Watu wa Kakamega waliijua habari hiyo bila kusoma tamthilia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ya Kenya iliwalazimisha wanaume Waafrika kuchukua kipande, hati ya usajili yenye nambari na alama za vidole, iliyotiwa katika kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Dhahabu ilipovuta wachimbaji Wazungu Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, sheria ya ardhi za Waafrika ilirekebishwa mwaka 1932 ili ardhi hiyo iweze kutwaliwa bila wenyewe kupewa nyingine badala yake. Vijana waliteremshwa mashimoni, na msitu ulikatwa mbao. Mtu mwenye chuma shingoni, anayejulikana kwa nambari na kupimwa kwa kazi ya siku, ni mchanganyiko wa mwili na mtambo ambao hakuna msanii aliyeubuni.

Kati ya kazi zinazoelewa jambo hili, ya kwanza kutajwa ni filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi, ya mwaka 2009. Mandhari yake ni miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya kugombea maji. Watu waliosalia wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, katika jumuiya iitwayo Maitu. Asha, mtunzaji wa makumbusho ya viumbe waliotoweka, anapokea udongo wenye unyevu, anatia mbegu, na mbegu inachipua. Wakubwa wanamkatalia kutoka nje. Hadithi ni nyepesi, na mtu atafutaye msuko mgumu hataupata katika dakika ishirini na kitu. Nguvu ya filamu imo katika mambo yanayoonekana pembeni. Umeme wa jumuiya hutokana na miili ya watu wanaosukuma mitambo ya mazoezi. Jasho na mkojo wa kila mtu hukusanywa na kusafishwa, vikarudi kuwa maji ya kunywa. Ndoto huzuiwa kwa vidonge. Katika mpango huo hakuna mtambo hata mmoja unaojifanya mtu, wala hauna haja, kwa kuwa watu wamekwisha kuwa viungo vyake: mapafu yake, misuli yake, figo zake.

Mhakiki wa lugha hana budi kukaa zaidi juu ya jambo la sauti, ambalo wengi wamelipita haraka. Asha anapojibizana na wakubwa zake, vinywa havifunguki. Maneno hupita katika kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoyatamka, kwa Kiingereza. Jina la jumuiya ni la Kigikuyu. Jina la filamu ni la Kiswahili. Lakini neno linaloamuru, linaloruhusu na kukataza, limetolewa kinywani na kukabidhiwa chombo, na chombo hicho hakisemi lugha yoyote kati ya hizo mbili. Yawezekana mtengenezaji alichagua Kiingereza kwa sababu za soko tu. Hata ikiwa hivyo, matokeo yake ni makubwa kuliko sababu: Kiswahili kimebakishiwa pumzi, na usemi umepewa wengine. Mtu anayepumua lakini hasemi amekaribia sana kuwa kitu.

Mahali filamu inapolegea ni mwisho wake. Asha anatoroka, anavuka jangwa, anaupanda mche, anaumwagia maji yake ya mwisho na kuukinga kwa kivuli cha mwili wake. Anajilaza, na mahali hapo miti inaota. Ni picha nzuri, lakini inaufanya msitu kuwa kinyume kamili cha mtambo, mahali pasipo na sheria, hesabu wala amri. Kwa mtu wa Buyangu, kaskazini mwa Msitu wa Kakamega, picha hiyo haisadikiki kwa urahisi. Aliyesimama juu ya kilima cha Buyangu huona misitu ya kale ikitanda chini yake, mabaki ya mashariki kabisa ya msitu wa mvua wa Afrika ya Kati. Lakini msitu huo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1985. Una mpaka uliopimwa, una lango, una askari. Mwanamke mwenye mzigo wa kuni huulizwa ametoka wapi. Hakuna anayedai kwamba bila ulinzi huo miti ingesalia, pengine isingesalia. Hoja ni kwamba msitu nao umo ndani ya mtambo wa utawala, na filamu iliyouchora mtambo huo kwa ustadi ndani ya jengo imesahau kuufuata hadi nje.

Mwanamke mwenye mzigo ndiye anayeielekeza hoja kwa Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972. Anajulikana zaidi kwa picha zake za kubandika, ambamo vipande vilivyokatwa katika majarida ya mitindo, ya pikipiki na ya utabibu huungana kuwa mwili wa mwanamke. Picha hizo zina mvuto mkali, na baadhi yake kwa kweli zinampa mwanamke nguvu ya chuma. Lakini baada ya kutazama kadhaa, mshangao hupungua. Kazi yake iliyo nzito zaidi ni filamu ya mwaka 2015, The End of carrying All, iliyoonyeshwa katika maonyesho ya Venice mwaka huo. Mwanamke anatembea na kapu kichwani. Kila hatua mzigo unaongezeka: gurudumu la baiskeli, majengo, vyombo vya dunia ya leo, hadi mgongo umepinda na jicho haliwezi tena kupambanua mbebaji na kilichobebwa. Mtazamaji wa Kiswahili aliyeanza kwa kusema "yule" hujikuta akisema "ule", na hajui ni katika hatua gani herufi hiyo ilidondoka. Hakuna roboti hapa, wala mwili uliotiwa betri. Kuna mwanamke aliyefanywa chombo cha kuchukulia, jambo ambalo hata barabara ya Buyangu yalionyesha kila asubuhi.

Miwani ya Cyrus Kabiru, iliyoundwa kwa vyuma na nyaya zilizotupwa Nairobi, ni ya kuchekesha na kupendeza, na yafaa iachwe kuwa hivyo. Mkazo wa baadhi ya wahakiki wa kuitwisha falsafa nzima ya uhai na chuma unaielemea.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudai kwamba kila muungano wa mtu na chombo ni kuteremshwa. Kusini mwa msitu huo huo, kwa Waisukha na Waidakho, iko isukuti, ngoma iliyoandikishwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hupigwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na jina la chombo ndilo jina la mchezo, kama ilivyo kwa neno ngoma katika Kiswahili. Mpigaji na chombo hushikana hata wakawa kitu kimoja kwa jina na kwa mwendo. Lakini mpigaji ndiye anayeanza, ndiye anayebadili mwendo akiona wachezaji wamechoka, na akimaliza huiweka ngoma chini na kwenda zake. Asha hawezi kushuka katika mtambo wa umeme apendapo, na mwanamke wa Mutu hana mahali pa kutua kapu.

Suala hili halitabaki kwa wahakiki wa sanaa peke yao. Wasemaji wa Kiswahili leo wanasikika wakisema "roboti hii" na "roboti huyu", na watunga kamusi watapaswa kuchagua au kuziandika zote mbili. Mfasiri anayeitia Pumzi katika Kiswahili naye yuko katika shida hiyo hiyo, tena kubwa zaidi: ile sauti ya kompyuta inayomkataza Asha kutoka, je, "inasema" au "anasema"? Akiandika "inasema", amri imetoka kwa kitu na hakuna wa kulaumiwa. Akiandika "anasema", itabidi mtazamaji aulize ni nani.