Moyo wa Myombekere

Kitabu cha marehemu Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kiitwacho Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, chasifiwa mara nyingi kuwa ni ghala ya desturi. Sifa hiyo ni haki yake; lakini imetufanya sisi walimu kukitumia kama kamusi. Twatafuta humo habari za kilimo, uvuvi na dawa, na tukiisha kuzipata twakifunga. Yule mtu aliye katikati ya kitabu hatumtazami. Mimi nafundisha Sapiwi, katika nchi ya Bariadi, ambako adabu ya ukweni yajulikana sana kama ijulikanavyo Ukerewe. Kwa hiyo nathubutu kusema neno juu yake.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasomeshwa katika seminari ya Rubya, naye alimaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945. Miaka mingi hakupata mpiga chapa. Alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatolewa Dar es Salaam mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981.

Mwanzo wa habari wajulikana. Bugonoka hana mtoto, na ndugu za mume wamtukana. Wazazi wake wasikia, waja kumchukua binti yao. Myombekere abaki peke yake katika nyumba isiyo na mke, akifanya kazi za jikoni ambazo mwanamume wa siku zile aliona haya kuonekana akizifanya. Ndugu zake wamshauri aoe mke mwingine, na kwa desturi ya wakati ule hapana ambaye angemlaumu. Yeye asimama, aenda ukweni kumwomba mkewe.

Niliposimulia mambo haya darasani, kijana mmoja alisema, “Mwalimu, huyu mume ni dhaifu.” Wasomaji wazima nao husema hivyo, ila kwa maneno ya adabu zaidi: humwita mpole. Naona wote wamekosea. Mtu mpole kwa tabia hapati taabu kuomba radhi. Myombekere ana kiburi cha mwenye mji, tena matusi hakuyatoa yeye. Ni ya jamaa zake. Akiyakubali kuwa deni lake, awaaibisha watu wa damu yake mbele ya wakwe. Akiyakana, ampoteza Bugonoka. Hapo ndipo vita vyake vilipo.

Baba mkwe, Namwero, naye ana kiburi chake. Hamfukuzi mkwewe, wala hampi mke bure: amtoza pombe ya ndizi. Wako wasomaji wanaochoshwa na kurasa zile ndefu za kutengeneza pombe, nami nilipozisoma mara ya kwanza nilichoka. Sasa nazihesabu kuwa ndizo bora za sehemu ile. Kitereza si mwandishi wa kutuambia, “Moyo wake ulisema hivi na hivi.” Atuonyesha mikono. Ndizi zivundikwe, zikamuliwe, pombe ingojewe ichachuke. Na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja gizani. Kila jirani ajaye kusaidia ajua pombe hii ni ya nini. Kiburi cha mume chapungua kidogo kidogo, hadharani, kwa jasho, wala hapana aliyemlazimisha kupiga magoti. Tozo lile lawapa wanaume wawili wenye kiburi njia ya kutendeana wema bila yeyote kuonekana ameshindwa.

Lawama yangu kwa mwandishi ni nyingine. Baadaye dawa za mganga Kibuguma zafaa, Bugonoka azaa Ntulanalwo, kisha Bulihwali, na msomaji afurahi. Furaha hiyo yaharibu kidogo kipimo chetu, kwa kuwa wema wa mume waonekana kama mbegu iliyolipa mavuno. Binti mmoja darasani aliuliza mara moja, “Je, kama asingezaa?” Hakuuliza kwa ajili ya kitabu tu. Katika vijiji vyetu wako wanawake waliorudishwa kwao kwa neno hilo moja, na watoto wawajua.

Sikuwa na jibu siku ile. Nilirudi nyumbani, nikakifungua kitabu tena, nikatazama utaratibu wa mambo. Pombe ilitengenezwa na kupelekwa ukweni, na Bugonoka akarudi kwa mumewe, kabla dawa ile haijamfaa. Siku ile Myombekere alimpokea mke asiye na mtoto.