Kati ya "haelewi" na "hajaelewa"

Mwalimu anayesema "huyu haelewi" na anayesema "huyu hajaelewa" wanatofautiana kwa herufi chache tu. Lakini wa kwanza ameshafunga faili la mtoto, na wa pili amejipa kazi ya kesho. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha Mindset, kitabu cha mwaka 2006 cha Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani.

Dweck anasema wapo wanaoamini akili ni kitu ulichozaliwa nacho, basi. Sisi tungeziita fikra mgando. Wapo pia wanaoamini akili hukua kwa kujifunza. Ushahidi wake ninaoupenda zaidi ni utafiti alioufanya na Claudia Mueller, uliochapishwa 1998. Watoto walipewa mafumbo, wakafanya vizuri. Wengine wakasifiwa kwa akili, wengine kwa juhudi. Mafumbo yalipokuwa magumu, waliosifiwa akili walikata tamaa mapema, na walipoambiwa waandike alama walizopata, karibu 4 kati ya 10 walidanganya. Yaani sifa imezaa woga! Mwalimu anayemwita mmoja "kichwa" na mwenzake "kilaza" asome kurasa hizo mara mbili, maana majina yote mawili yanamwambia mtoto kuwa matokeo yake yameshaandikwa.

Tatizo ni kwamba kitabu kinapenda mno mashujaa. Michael Jordan, John McEnroe na wakurugenzi wa makampuni wamejaa humo, huku mwalimu akigawana sura ya 7 na wazazi na makocha. Marva Collins, aliyefundisha Chicago watoto waliokuwa wameshakatiwa tamaa, yupo, na ni mfano mzuri kweli. Ila nilitaka nikae naye zaidi darasani: anafanya nini mtoto akikosea hesabu ileile mara ya tatu?

Swali hilo lina uzito. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanafunzi wapatao 12,000 wa sekondari nchini Marekani. Somo la mtandaoni lisilofika saa moja liliwapandishia waliokuwa nyuma wastani wa pointi 0.10 hivi, kwenye mizani ya pointi 4. Kwa gharama ndogo vile si haba, lakini si muujiza. Kumwambia mtoto "akili inakua" ni mwanzo tu.

Katika hotuba yake ya 2014, Dweck alisifu shule moja ya Chicago ambako aliyeshindwa somo aliandikiwa "bado" badala ya kufeli. Kiswahili tunalo neno hilo toka zamani, tena tumelitia hadi kwenye kitenzi. Lakini "bado" bila nafasi ya pili ni maneno matupu. Kama daftari linarudi na alama nyekundu na kesho yake ni mada mpya, mtoto amesikia "haelewi", hata kama ukutani kuna bango la kumtia moyo.

Kwa mwalimu mwenye wanafunzi 70, ushauri wangu ni huu: anza na sura ya 7, mashujaa waruke. Kisha chukua kosa moja walilofanya wengi, liandike ubaoni bila jina la mtu, darasa lilirekebishe, halafu wape swali kama hilo tena. Na alama ya mara ya pili ihesabiwe.