Heko, Wauguzi wa Bawasiri

Mpasuaji hukata bawasiri akasifiwa. Siku ngumu zinazofuata humwangukia muuguzi. Ndiye anayemuuliza mzee wa Majengo, mjini Sumbawanga, pasipo kucheka: "Choo umepata, baba?" Choo cha kwanza huogopwa kuliko kisu, na anayekibana hukifanya kigumu zaidi, baadhi ya dawa za maumivu nazo hufunga choo. Basi muuguzi huelekeza: kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, kula maharage, mboga za majani na uji wa ulezi, ambao huku Ufipa hauadimiki, kunywa maji, hata baridi ya mji huo ikikukatisha kiu. Damu ikitoka nyingi, homa ikipanda au mkojo ukigoma, rudi hospitali usiku huohuo. Hongereni, hasa kwa kuuliza lile ambalo hata mke haambiwi.