Beseni, Ikweta na Ufundi wa Mwalimu

Kaskazini mwa Kabazi, ninakofundisha, ukishaipita Subukia na kuanza kupanda kuelekea Nyahururu, barabara inaikata Ikweta. Watu husimama penye kibao wakapigwa picha. Kule Nanyuki, kwenye mstari huohuo, wapo vijana wenye beseni lililotobolewa katikati. Hulijaza maji, wakaweka njiti ya kiberiti ielee juu yake, na kumwonyesha mtalii kwamba upande wa kaskazini maji hutoka yakizunguka huku, na hatua chache kusini yakazunguka kule. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyewahi kuuona mchezo huo aliniuliza darasani: sisi tuko kusini, kilomita chache tu, mbona maji ya kwetu nyumbani huzunguka yatakavyo?

Naupenda ualimu kwa sababu ya maswali kama hilo. Kitabu cha kiada hakikulitaja. Kuna wakati lingengoja semina ya likizo, au siku ya kwenda Nakuru mjini kutafuta maktaba. Sasa mwalimu wa Kabazi hununua bando, akakaa na simu usiku, na asubuhi akaingia darasani akiwa na cha kusema.

Nilichokuta ni hiki. Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis aliandika mwaka 1835 juu ya namna kitu kinachosafiri juu ya mwili unaozunguka kinavyoonekana kupinda njia yake. Dunia huzunguka mara 1 kwa siku, kwa hiyo pepo na mikondo ya bahari hupinda kweli. Lakini beseni humwaga maji yake kwa muda mfupi mno, na mkono uliolijaza huyapa maji msukumo mkubwa kuliko ule wa dunia. Isitoshe, athari hiyo hufifia kadiri unavyoikaribia Ikweta, na penye mstari wenyewe hutoweka. Mahali pale pa kupigia picha ndipo mchezo wa beseni usipowezekana kabisa!

Ila simu ileile iliyonipa Coriolis ilinipa pia video za beseni la barabarani, safi, zenye kushawishi, na sauti ya msimulizi asiye na shaka hata kidogo. Hapa ndipo ufundi ulipo. Kutafuta si kazi kubwa. Mwanafunzi hutafuta haraka kuliko mimi. Kazi ni kuuliza: nani alipima? Alingoja muda gani? Kuna mwingine aliyerudia? Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alitumia tangi lenye upana wa karibu mita 1.8, akayaacha maji yatulie kwa saa 24 kabla ya kuyafungulia taratibu, na yakazunguka kinyume cha saa. Alichapisha matokeo yake mwaka 1962. Mwaka 1965 Lloyd Trefethen na wenzake wakarudia jaribio hilo Sydney, kusini mwa dunia, nayo yakazunguka upande wa saa. Huo ndio ushahidi: subira, na mtu wa upande wa pili anayehakiki.

Shuleni tulitoboa mabeseni ya plastiki. Wanafunzi waliyajaza mengine kutoka kulia, mengine kutoka kushoto, wakaona wenyewe kwamba maji yalifuata mkono. Kelele zilizozuka hazingetoka kwenye kioo cha simu.

Ndiyo maana namheshimu sana Peter Tabichi, aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya Keriko, kijiji cha Pwani huko Njoro, kaunti yetu hii ya Nakuru. Mwaka 2019, Dubai, alitunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1. Wengi hukumbuka fedha. Mimi hukumbuka kwamba shule yake ilikuwa na kompyuta 1 na intaneti dhaifu, naye akawa anakwenda saiba kupakua masomo ili ayarudishe darasani yakiwa tayari kutumika.

Na kabla yake kulikuwa na Mzee Kimani Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduywo, Eldoret, mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84. Alitaka kujisomea Biblia, ajue kama wahubiri walikuwa wakisema kweli. Hakuwa na simu ya kutafutia chochote, lakini haja yake ndiyo haja ya yule mwanafunzi wangu: kuhakiki kwa macho yake.

Mwanafunzi huyo hajaridhika. Amesikia kwamba vimbunga vya baharini haviwezi kuzaliwa karibu sana na Ikweta, kwa sababu ileile ya Coriolis, na sasa anauliza Hidaya, kile cha Mei 2024, kilifikaje karibu na kisiwa cha Mafia. Nimepakua ramani za njia yake. Kesho tutapima digrii kutoka Ikweta.