Jotoardhi: silabi ngapi, na mkazo uko wapi?



Sisi wa Texas neno hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Ramani ya jotoardhi ya Amerika Kaskazini ya mwaka 2004 ilitoka kwenye maabara ya Southern Methodist University, hapo Dallas. Houston nako, mji wa mafuta, ndiko iliko Fervo Energy inayochimba visima vya jotoardhi. Nyumbani, Olkaria inatoa umeme tangu 1981, na Tanzania ina kampuni yake, TGDC, yenye miradi Ngozi na Songwe.

Lakini matamshi jamani! Huyu anasema "jotwardhi", yule "jotoaridhi", na wengine wanaandika mbalimbali, "joto ardhi".

Kwa maoni yangu silabi ni nne: jo-to-ar-dhi. Irabu mbili zikikutana mpakani mwa maneno, kila moja inabaki na silabi yake. Mbona "mwanaanga" hatuimezi a hata moja? Kwa hiyo "jotwardhi" haina utetezi.

"Jotoaridhi" ina hoja kidogo, maana wenyewe wanadai silabi ya Kiswahili lazima iishie kwa irabu. Sawa kwa silabi nyingi za maneno ya Kibantu, ila tumeshapokea lab-da na daf-ta-ri, na hakuna anayelalamika. Tena ukichomeka i, silabi zinakuwa tano na mkazo unahama kutoka AR kwenda RI. Msikilizaji anabaki kujiuliza: nani aridhi, na aridhi nini?

Kuhusu kuandika mbalimbali: maneno mawili yana mikazo miwili, JOto ARdhi, na sikio linasubiri "la" ambayo haiji. Neno moja lina mkazo mmoja, jotoARdhi, kama mwanaMAji. Na kwa kuwa kichwa chake ni joto, tuseme jotoardhi linapatikana, si inapatikana. Inayopatikana ni nishati ya jotoardhi.

Mwisho, dh ni sauti moja. Kompyuta ikikata neno mwisho wa mstari ikawa "jotoard-hi", irekebisheni kwa mkono. Watoto wetu huku wanalikuta neno hili kwenye maandishi kabla ya kulisikia kwa mtu. Likikatwa vibaya, watalisema hivyo hivyo, na sisi ndio tutakaokuwa tumewafundisha.

Mwenye hoja tofauti aje nayo.

Wasalaam.