Fantasia si Urembo: Safari ya Dzombo

Mtahiniwa mpenzi, ukiulizwa kuhusu fantasia katika Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, usiandike kwamba "mwandishi ametumia fantasia", ukataja safari ya angani, ukaishia hapo. Nimesahihisha insha nyingi za namna hiyo hapa Kianjai, haziambulii alama.

Dzombo anahukumiwa kifo na kutiwa katika chombo cha angani. Badala ya kuangamia, anatua kwenye sayari yenye haki. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona asitorokee mji mwingine kwa matatu?" Darasa lilicheka, lakini swali lile lilishinda insha zote. Popote ambapo matatu ingemfikisha, Dzombo angekuta sheria zilezile zilizomhukumu. Sasa ligawe jina la sayari: wale ni sisi. Wageni hao ni sisi tunavyoweza kuwa.

Katika Bina-Adamu! (2002), K. W. Wamitila hamrushi msafiri wake kwenye sayari nyingine; dunia hii hii ndiyo inayogeuka kioja. Linganisha safari hizo mbili. Na usiogope kumkosoa Mkangi: wenyeji wa Walenisi hueleza mno, hata msomaji akatamani wanyamaze kidogo ajionee mwenyewe.