Nchi Kavu Uliza, Majini Tii: Uchambuzi wa Adabu ya Boti ya Kukodi

Mwaka 2018, katika muda wa miezi miwili na siku chache, Ziwa Victoria lilizamisha vyombo viwili visivyofanana. Tarehe 20 Septemba kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika kisiwa cha Ukara, Tanzania, na waliokufa walipita 220. Tarehe 24 Novemba, jioni ya Jumamosi, boti ya starehe iliyoitwa MV Templar ilizama upande wa Mukono, Uganda, ikiwa na kundi lililokuwa likila raha. Zaidi ya watu 30 walikufa. Serikali ya Uganda ilieleza kwamba boti hiyo haikuwa na leseni, ilikuwa mbovu, na ilijaza watu kupita uwezo wake. Misiba hii huwekwa kapu moja la uzembe, na si uongo. Lakini kwa anayetaka kukodi boti, somo limo katika tofauti zake. Abiria wa kivuko hana la kuchagua: chombo ni hicho na saa ni hiyo. Mwenye kukodi huchagua chombo, saa, idadi ya wenzake, hata muziki utakaopigwa. Ana mamlaka ambayo abiria wa kivuko hana, na kwa sababu hiyo tabia yake ihesabiwe pamoja na mashine na maboya.

Hoja yangu ni kwamba adabu kwenye boti ya kukodi ni utaratibu wa kukabidhiana mamlaka hayo. Nchi kavu mkubwa ni mwenye pesa: aulize, akague, akatae, aondoke. Boti ikishaachia mwalo, mkubwa ni nahodha, na mteja anakuwa abiria kama abiria mwingine. Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Boti ya kukodi ina hatari ya kupata nahodha wa pili ambaye hajui kuendesha ila ndiye anayelipa. Akisema “tungoje, wanakuja wawili wengine,” au “twende mpaka kile kisiwa,” nahodha huwa analijua jibu sahihi. Anajua pia kwamba akikataa, mwaloni kuna wenzake kadhaa wanaotafuta wateja. Wapo watakaosema kuwa mteja amelipa, basi asikilizwe. Amelipia safari na ujuzi wa mtu anayelijua ziwa. Akiupuuza ujuzi huo, ametupa nusu ya alichokinunua.

Pingamizi zito zaidi ni hili: itakuwaje nahodha mwenyewe akiwa mlevi, au mwenye tamaa ya kujaza watu? Je, utii huo hautatuua? Jibu ni kwamba utii wa majini unapatikana kwa maswali ya nchi kavu. Tanzania Bara, usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC), na nchini Kenya husimamiwa na Mamlaka ya Bahari ya nchi hiyo. Kuomba kuona leseni na idadi ya watu wanaoruhusiwa si dharau. Ulizia kasia za akiba na chombo cha kuchotea maji. Ulizia mafuta, kwa hesabu ya mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu lisiloguswa mpaka shida itokee. Tazama kama kwenye mashine ya nyuma ipo ile kamba fupi ambayo mwendeshaji hujifunga, ili akianguka majini mashine izime yenyewe. Bila kamba hiyo, boti isiyo na mtu usukanini inaweza kuzunguka na kumrudia aliyeanguka, panga la mashine likiwa bado linakata maji. Zungumza na nahodha kwa karibu, usikie kama ananuka pombe. Jibu moja likikutia shaka, shukuru, lipa usumbufu kama upo, uende kwa mwingine. Aliyekubali kupanda huku akiwa na shaka moyoni ndiye atakayegombania usukani katikati ya ziwa.

Adabu ya kupanda na kukaa nayo ina sababu zake za kiufundi. Boti husimama wima kwa sababu uzito wake uko chini na umegawanyika sawa pande mbili. Mtu akisimama, uzito unapanda juu. Watu 8 wa kilo 70 wakihamia upande mmoja kumtazama kiboko au kupiga picha, kilo 560 zimehama kwa pamoja, ukingo wa upande huo umekaribia maji, na wimbi la kawaida linatosha kuingia. Maji yakishaingia hayatulii: boti ikilala kidogo, nayo hukimbilia upande ule ule na kuongeza mzigo pale ambapo tayari umezidi. Maelezo yaliyotolewa baada ya ajali ya MV Nyerere yalitaja abiria waliosogea upande mmoja kivuko kilipokaribia kutia nanga. Kwa hiyo nahodha anaposema “kaeni,” anasawazisha chombo. Panda mmoja mmoja, ukanyage katikati, mzigo uwekwe chini, na ukifika usiinuke hadi uitwe. Anayeruka kutoka ukingoni ili awe wa kwanza kushuka huisukuma boti kinyume, na waliobaki ndio wanaoyumba.

Jaketi okozi, ambalo wengi huliita boya, ndicho kifaa kinacholetewa ubishi mwingi kuliko vyote. Wako wanaosema linabana, linaharibu picha, na kwamba wao wanajua kuogelea. Kujua kuogelea ni ujuzi wa mtu aliyejiandaa kuingia majini. Anayetupwa na boti iliyopinduka huwa amevaa viatu na nguo, pengine amegonga kichwa, na wenzake wasiojua kuogelea wanamshika shingo. Kulivaa jaketi ukiwa tayari ndani ya maji yenye mawimbi ni kazi ngumu hata kwa mzoefu, hivyo jaketi lililorundikwa chini ya kiti linahesabika kama halipo. Kulijaribu hakuchukui dakika moja: livae, funga vishikizo vyote, kisha mwenzako alishike mabegani na kulivuta juu. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa mno na litakuvuka majini. Mtoto apewe la kipimo chake, wala asifungiwe la baba yake kwa kamba. Mwenye kukodi akilivaa wa kwanza, wageni wake hufuata. Akiliweka begani kama koti la sherehe, hakuna atakayelifunga.

Kuna adabu nyingine inayosahaulika: ile ya kuwaheshimu wenye ziwa. Mchana wa mapumziko kwako ni siku ya kazi kwa mvuvi, na nyavu zake zimelala majini zikionyeshwa na vielea vidogo tu. Boti ikipita juu yake, wavu unakatika na hasara ni ya mvuvi. Lakini wavu huo huo ukijisokota kwenye panga la mashine, boti inasimama, inageuzwa na upepo, na mawimbi yanaingia kwa nyuma, mahali ambapo ukingo huwa mfupi. Mwendo nao una siri yake. Boti ndogo ya kasi haichimbi wimbi kubwa kuliko yote inapokimbia sana, bali pale inapokuwa katikati, nyuma imezama na pua imeinuka. Anayepunguza mwendo kidogo tu akipita karibu na mtumbwi, akidhani ametenda wema, huwa ameongeza wimbi. Heshima ni kupunguza hadi boti ilale sawasawa juu ya maji, au kupita mbali. Wavuvi hao hao ndio walio karibu chombo kinapozama, na mara nyingi huwa wa kwanza kufika. Si busara kuwamwagia maji asubuhi watu utakaowapungia mkono jioni.

Jambo la mwisho ni saa ya kurudi, na hapa sherehe nyingi hukosea. Mchana upepo wa Ziwa Victoria kwa kawaida huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, hewa kutoka pwani zote ikakutana katikati ya ziwa, ikapanda, na ndiyo maana radi na dhoruba kali za ziwa hili hupenda usiku na alfajiri. Boti inayozimika mashine upepo ukishageuka haisukumwi kurudi ufukweni, inasukumwa mbali. Kwa hiyo mteja anayeomba “nusu saa tu” jua likizama anaisogeza safari nzima kwenye zamu nyingine ya hali ya hewa. Saa ya kurudi ipangwe mwaloni, aachiwe mtu aliyebaki nchi kavu, na nahodha akisema turudi, mjadala uwe umeisha hata kama muda uliolipiwa haujaisha.

Inaweza kusemwa kwamba hoja hii inamtwika mwananchi mzigo wa serikali, kwa kuwa ukaguzi na adhabu ndivyo vinavyookoa watu. Ukaguzi ni lazima, na boti isiyo na leseni haikupaswa kuondoka mwaloni hata na abiria mmoja. Lakini mkaguzi hapandi kila safari. Sheria inaweza kuandika idadi ya watu, haiwezi kuwaketisha. Boti ikiwa mita mia tano kutoka ufukweni, waliomo ni nahodha na waliomkodi tu. Kwa hiyo wewe unayepanga kukodi boti mwisho wa wiki, maliza maswali yako yote ukiwa bado unakanyaga mchanga. Usiporidhika, baki na pesa yako. Ukiridhika, funga jaketi, kaa, mwache nahodha afanye kazi yake.